Nusu ya Siku Isiyochorwa

Jua la Bagamoyo halizami baharini. Linazama bara, nyuma ya minazi na mikorosho, upande wa Kiwangwa na Msata. Mtu atokaye Bagamoyo jioni kwenda Msata, kilomita 64 za lami, huenda na jua usoni karibu njia nzima, na afikapo njia panda kiza kimeanza kutanda. Hata hivyo, katika vibanda vya sanaa vya Mrima picha inayouzwa upesi ni ileile: jahazi, mnazi ulioinama, na duara jekundu la jua likitumbukia majini. Jua hilo ni la Forodhani. Mchoraji wa Mrima amelikopa kutoka Unguja kwa kuwa mgeni alilipenda huko. Akibanwa atasema alichora macheo. Na yawe macheo. Lakini mnunuzi huondoka akiamini amenunua machweo, na hakuna anayemsahihisha.

Kosa hili la dira lisingestahili karatasi wala wino lau lingesimama peke yake. Lakini ni dalili ya ugonjwa. Linaonesha kwamba mchoraji wa mwambao ameacha kuutazama mji anaokaa, akautazama mfuko wa mpita njia. Na mpita njia haujui mji usiku. Saa mbili amekwisha rudi hotelini kwake. Kwa hiyo, kuanzia saa hiyo hadi alfajiri, Bagamoyo ni kama haipo, Tegeta haipo, Ng'ambo ya Unguja haipo. Na Msata, ambako hashuki garini hata mchana, haipo kabisa.

Makala haya yanadai kwamba umefika wakati wa wachoraji wa mwambao kupanga kwa makusudi mfululizo wa picha za kiza za miji yao. Yanadai kwamba mfululizo huo uanzie Msata. Na yanadai, zaidi ya yote, kwamba kiza cha picha hizo kitokane na kuujua mji, kisitokane na huzuni ya mchoraji wala na mtindo wa kuazima.

Atakayeuliza kwa nini kiza, jibu la kwanza analo katika hesabu ya siku aliyoachiwa na wazee wake. Kwa hesabu hiyo, siku ya mwambao haianzi alfajiri. Inaanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa kwa mzee wa Unguja, wa Pemba au wa Bagamoyo ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, ule ambao redioni huitwa Alhamisi usiku. Ramadhani yenyewe huingia magharibi, mwezi unapoandama. Usiku ndio mlango wa siku, na mchana hufuata nyuma yake. Basi mchoraji anayechora mchana peke yake ameichora nusu ya pili ya siku, akaiacha nusu ya kwanza bila kuigusa.

Washairi hawakufanya hivyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, aliuonya moyo wake kwa kuupitisha katika majumba ya Pate yaliyokwisha kuhamwa. Hakusema tu kwamba dunia inapita. Aliingia chumbani. Aliyaona madaka yaliyokuwa yamepangwa vyombo vya thamani sasa yamekuwa viota vya ndege. Aliisikia sauti ya popo pale palipokuwa na taa. Msomaji aliyekua na utenzi huo hahitaji kufundishwa kwamba kiza cha nyumba ni habari, kwamba kina sababu na kina tarehe. Watu wa taarabu nao hawakuukimbia usiku. Tangu Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, na hata kabla yake, ukumbi wa taarabu ni ukumbi wa usiku. Mashairi yake mengi hayana maana asubuhi. Sanaa ya maneno imeujua usiku, na sanaa ya sauti imeujua. Sanaa ya rangi peke yake imebaki juani.

Ilibakije huko? Lawama isimwangukie Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyo wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, alichora kwa alichokuwa nacho: mbao nyepesi za dari na rangi za makopo zinazong'aa. Wanyama wake na ndege wake walikuwa vituko vya kweli vya jicho la kweli. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, na muda wake wa kuchora haukutimia hata miaka mitano. Kilichofuata si kosa lake. Waliomfuata waliugeuza uvumbuzi wa mtu mmoja kuwa kanuni, na soko likaigeuza kanuni kuwa amri: rangi iwake, mnyama acheke, na mandhari iingie katika sanduku la msafiri. Hivi leo, kuanzia Msasani hadi vichochoro vya Mji Mkongwe, kijana anayeshika brashi kwa mara ya kwanza huifundishwa amri hiyo kabla hajafundishwa kutazama.

Wala isisemwe kwamba usiku ni jambo geni kwa mchoraji wa Tanzania. Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha Makerere kisha akawa Balozi wa nchi yake London, alichora mwaka 1956 picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ilichukuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Hapana simba ndani yake, hapana jua linalozama. Kuna watu na mzigo wao, na saa ya usiku ambayo mila yao imeichagua. Waliokuja baada yake walikuwa na mlango uliokwisha funguliwa. Wachache mno walipita. Na Ntiro alikuwa amechora usiku wa kijijini. Usiku wa mji ulibaki unasubiri.

Hoja za wapinzani zinajulikana. Zinasikika kila panapozungumzwa jambo hili, na zinastahili kujibiwa moja moja.

Ya kwanza ni ya heshima. Husemwa kwamba kuchora mji wenye kiza ni kuutia mji aibu. Kwamba mgeni ataona umaskini, vibatari na taka, akaacha kuja. Hoja hii imevaa kanzu ya uzalendo, lakini chini ya kanzu kuna rejesta ya duka. Mji hautiwi aibu na picha. Ukiwa na aibu, aibu ilikuwako kabla ya mchoraji kufungua rangi zake. Aidha, wenye hoja hii huchukulia kwamba kiza na umaskini ni kitu kimoja. Si hivyo. Mvuvi wa dagaa wa Kunduchi au wa Bagamoyo huyahesabu masiku ya kiza kama mkulima anavyohesabu mvua. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa yake, na yeye hupumzika au hushona nyavu. Mwezi ukiondoka, ndipo anapowasha taa na kutoka. Kwake kiza ni msimu wa kazi. Mchoraji asiyejua hili atachora taa baharini usiku wa mbalamwezi pevu, na mvuvi ataicheka picha yake, na atakuwa na haki ya kucheka.

Ya pili ni ya hofu ya dini. Husemwa kwamba kiza ni cha wanga na mashetani, na mwenye imani asikipambe. Wanaosema hivi wamesoma nusu ya Msahafu. Ni kweli kwamba imo humo sura inayofundisha kuomba kinga na shari ya usiku unapoingia. Lakini imo pia sura nzima iitwayo Usiku, ambayo inaanza kwa kuuapia usiku huo. Umo Usiku wa Cheo, ulio bora kuliko miezi elfu. Mji wa mwambao hauko macho zaidi kuliko katika masiku ya Ramadhani, baina ya futari na daku, watu wanapotembeleana na watoto kujaa barazani. Mchoraji atakayeuchora usiku huo hatakuwa amemtumikia shetani.

Ya tatu ndiyo ya hatari, kwa sababu haitoki kwa wapinzani wa kiza. Inatoka kwa wapenzi wake. Wapo vijana wenye vipaji waliokwisha kuchoshwa na pundamilia, nao wamekwenda upande wa pili mbio. Wananunua kopo la rangi nyeusi, wanalipaka turubai lote, wanaweka dirisha moja la manjano na mtu mmoja asiye na uso, kisha wanaiita picha hiyo upweke, au mji, au hisia. Mji upi? Hawasemi, kwa kuwa hawajui. Kichochoro hicho kinaweza kuwa cha Chicago au cha mahali popote palipoonekana katika filamu. Huu ni ukopaji uleule wa jua la Forodhani. Kilichobadilika ni aliyekopwa. Aliyekuwa akimchorea mtalii wa pwani sasa anamchorea mtalii wa maonesho.

Kiza si rangi nyeusi. Fundi mzoefu anajua kwamba nyeusi ya kopo huifanya picha iwe shimo, na kwamba usiku hupatikana kwa kuchanganya buluu nzito na kahawia iliyokolea, kisha kuipaka kwa tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine. Anajua pia kwamba rangi za makopo zinazong'aa, zilizomfaa Tingatinga, ni adui wa picha ya kiza: mtazamaji husimama mbele yake akaona dirisha la chumba na sura yake mwenyewe. Kwa hiyo anayepanga mfululizo wa namna hii anaanza kwa kubadili duka la rangi. Lakini hata akiwa na rangi zote za dunia, bado atakuwa hajapata kiza, kwa sababu kiza hujulikana kwa taa iliyomo ndani yake. Usiku wa koroboi si usiku wa karabai. Usiku wa kandili ya barazani si usiku wa taa ya bluu ya simu. Aliyekwisha kuuliza mji unawaka kwa nini, nani ameiwasha taa hiyo na nani ataizima, amekwisha anza kuchora.

Na mahali pa kujifunzia swali hilo ni Msata.

Msata haimo katika vitabu vya watalii. Ni njia panda: barabara itokayo Bagamoyo inakutana hapo na barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na kutoka Segera njia zinagawanyika kwenda Tanga na kwenda Moshi na Arusha. Mji mdogo wa namna hii hauna gofu, hauna mlango wa nakshi, hauna historia iliyoandikwa kwenye kibao cha shaba. Ndiyo maana unafaa. Haumpi mchoraji kitu cha kuiga kutoka kwenye kadi ya posta. Unamlazimisha atazame.

Kiza cha Msata ni kiza kinachopasuliwa. Lori linapokuja, taa zake huonekana kabla ya mlio wake kusikika. Huvuta vivuli vya vibanda, hurefusha mguu wa meza ya muuzaji hadi ng'ambo ya barabara, huumulika uso wa mtu kwa pumzi moja, kisha huondoka na kuacha kiza kizito kuliko kilichokuwapo. Baina ya lori na lori, kuna makaa ya mchoma mahindi na taa ndogo ya kuchaji iliyoning'inizwa juu ya matunda. Kwa zaidi ya miongo miwili mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku kucha, na usiku wa njia kuu ulikuwa wa malori. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena. Hilo ni badiliko la sheria, lakini ni badiliko la mwanga pia. Basi lina madirisha, na madirisha yana nyuso. Anayeuza usiku hupata wateja saa ambazo zamani hakuwa nao, na saa ambazo zamani alilala sasa yuko macho. Picha ya Msata ya mwaka 2010 na picha ya Msata ya leo haziwezi kuwa na kiza kimoja. Ni mchoraji gani aliyeliandika badiliko hilo kwa rangi?

Kutoka Msata mfululizo urudi pwani, Bagamoyo, na hapo uangalifu uongezeke. Bagamoyo ya jioni imekwisha kufanywa wimbo wa mapenzi: gofu la mawe ya matumbawe, mwezi, jahazi. Lakini usiku wa Bagamoyo una deni. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Tabora na Ujiji iliishia hapo, na meno ya ndovu na watu wakavushwa pamoja kwenda Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwavusha baharini. Biashara haikufa siku hiyo. Ilijificha, na usiku ukawa pazia lake. Kwa hiyo mwezi juu ya ufuo wa Bagamoyo haukuwa mwezi wa wapenzi kwa kila mtu. Kuna aliyeomba usiwake, na kuna aliyeomba uwake ili aonekane, aokolewe. Mchoraji anayeuchora ufuo huo kwa utusitusi mzuri bila kulijua hili amekipamba kiza kilichowaficha wakosaji. Atakayelijua anaweza kuuchora ufuo mtupu, bila mtu hata mmoja, na picha ikasema.

Kusini ya Bagamoyo, kwenye njia ya Dar es Salaam, kuna Wazo. Kiwanda cha saruji hapo kilianza kazi katika miaka ya 1960, na tanuri la saruji si jiko la kuzimwa jioni. Hulazimu liwake usiku na mchana. Hapa kiza kina rangi nyingine: mwanga wa viwanda unaopita katika vumbi, na chini yake Tegeta iliyokua upesi, nyumba zilizojengwa kwa saruji hiyohiyo. Si mbali na hapo, Kunduchi, kuna makaburi ya kale yenye nguzo yaliyopambwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Mji wa wafu na kiwanda cha walio hai vinakaa usiku mmoja. Msanii akihitaji kubuni ajabu mahali kama hapa, basi hajatembea.

Kisha mfululizo uvuke bahari, na uvuke mahali panapostahili: Ras Kiromoni. Wasomaji wa visiwani huenda wakajiuliza habari za Msata na Tegeta zinawahusu nini. Zinawahusu kwa waya. Umeme wa Unguja hutoka Mrima. Waya wa kwanza wa chini ya bahari, uliotandikwa mwaka 1980, ulitoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, ukaibukia Fumba. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Pemba ilipata wake kutoka Tanga mwaka 2010. Visiwa na Mrima vinakunywa taa kutoka kisima kimoja, na kisima kikikauka vinaona kiza kimoja.

Mwaka 2008 Unguja ilikaa bila umeme huo takriban mwezi mzima. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ilikaa miezi mitatu. Waliokuwapo wanakumbuka: pampu zilisimama na maji yakawa adimu, majenereta yakanguruma mbele ya kila duka lenye uwezo, chemli zilizokwisha kutupwa uvunguni zikatolewa, zikasafishwa vioo. Na wanakumbuka jambo ambalo takwimu hazisemi: kiza hakikugawiwa sawa. Hoteli yenye jenereta iling'aa kama jahazi la harusi, na hatua hamsini kutoka hapo mama alikuwa akimpimia mtoto dawa kwa mwanga wa mshumaa. Kwa miezi mitatu mji ulijichora wenyewe, ukaonesha wazi nani ana mwanga na nani hana. Hapakuwa na haja ya kubuni chochote. Palihitajika mtu wa kutazama na brashi.

Sasa mtu na azunguke maduka ya picha, kuanzia Gizenga hadi Darajani, aitafute miezi mitatu hiyo. Atakutana na Wamasai wamesimama mstari. Atakutana na milango ya nakshi. Atakutana na jua, jua, jua. Tukio lililogusa kila nyumba ya kisiwa halikuacha alama katika sanaa ile ambayo kisiwa kinaiuza kama sura yake. Hili halielezeki kwa uhaba wa vipaji. Linaelezeka kwa woga.

Fumba hiyohiyo unakoibukia waya ndiko alikozaliwa Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka shamba na sauti yake akaja mjini, akaimba usiku habari za wakubwa na wadogo, za mahakama na za dhuluma, mpaka mji ukajisikia ndani ya nyimbo zake. Siti hakungoja mtalii amwambie ni wimbo gani unauzika. Mchoraji anayetafuta mwalimu asiende mbali.

Lakini akienda mbali, aende kwa akili. Yuko Whistler, Mmarekani aliyekaa London, ambaye katika miaka ya 1870 alikuwa akipelekwa kwa mashua usiku katika mto Thames. Hakuchora mashuani. Alitazama, akageuka akaipa mandhari mgongo, akaitaja kwa moyo kilichopo kushoto na kilichopo kulia, kisha akaenda kulala, na kesho yake akachora. Watu wa ushairi wanaifahamu njia hiyo. Ndivyo watenzi wengi walivyohifadhiwa kabla ya kuandikwa. Mchoraji wa Msata anaweza kuikopa njia, kwa kuwa hawezi kusimamisha turubai katikati ya malori. Asikope ukungu. Kiza cha London kilikuwa cha moshi wa makaa na machweo marefu ya kaskazini. Cha mwambao huingia upesi, na baina ya magharibi na isha mwanga wa angani umekwisha kabisa. Whistler alitukanwa kwa picha hizo, akashitaki, na mwaka 1878 akashinda kesi kwa fidia ya robo ya peni isiyonunua hata brashi. Anayepanga picha za kiza na apange pia jinsi ya kuishi bila kuziuza mwaka wa kwanza.

Na yuko wa karibu zaidi, Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Mnamo mwaka 1973 na 1974 alichora takriban picha mia moja za historia ya Kongo, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Shaba. Nguvu ya kazi ile haiko katika picha moja. Iko katika mfululizo: kila picha inaidai iliyotangulia na kuidokeza inayofuata, na zote zinajenga hoja ya mtu anayesema nchi yake ilipita wapi. Hilo ndilo linalokosekana mwambao. Picha moja ya kiza ni pambo la ukuta. Picha ishirini, kutoka njia panda ya Msata hadi Ng'ambo ya Unguja, kila moja na mahali pake, mwaka wake na taa yake, ni ushahidi.

Ushahidi unahitajika haraka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, ilianguka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakafa. Jumba hilo lilikuwa limechorwa na kupigwa picha labda kuliko nyumba yoyote ya mwambao, na karibu zote za mchana, kutoka mbele, jua likilijaa. Fundi wa chokaa anapotaka kujua ukuta umevimba wapi au umepasuka wapi, hautazami saa sita mchana. Hungoja kiza, akaweka taa ubavuni mwa ukuta, karibu kabisa, mwanga ukaupitia ukuta kwa chini kama mkono unaopapasa. Hapo kila ufa hujitokeza na kivuli chake. Mwanga mwingi wa mbele huufanya ukuta mbovu uonekane mzima.

Mwambao umepigwa mwanga mwingi wa mbele kwa miaka mingi mno. Nyumba za mtaa wa India kule Bagamoyo zinabomoka, njia panda zinageuka miji, sheria zinabadili saa za kulala za watu, na maduka ya picha yanaendelea kuuza jua linalozama upande usiozama. Wenye brashi hawana udhuru tena. Msata iko wazi usiku kucha, na nauli ya kutoka Bagamoyo haizidi bei ya kopo la rangi. Wapande gari la alasiri, jua likiwa usoni, washuke njia panda, na wangoje lizame.